Pekupeku, viatu viwili, vinne au buti: kupanga gharama za kwato za farasi

Anayenunua farasi wa kwanza huuliza bei ya mnyama, bei ya nyasi kavu, bei ya tandiko. Kwato huzikumbuka siku fundi anaposhuka kwenye gari na tupa mkononi, anainua mguu wa mbele, ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Mmekaa wiki ngapi bila kumkata?" Mimi niliulizwa hivyo mwaka wangu wa pili wa kufuga, kwenye kishamba chetu upande wa Naivasha, Kenya. Nikajibu wiki kumi na moja, badala ya sita. Nilikuwa nabana matumizi. Pesa niliyookoa kwa kuruka zamu moja ya fundi ililiwa na daktari wa mifugo ndani ya siku mbili, kwa sababu ukuta wa ukwato wa mbele kulia ulikuwa umepasuka kutoka chini hadi karibu nusu, na uchafu ulikuwa umeshaingia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa farasi ukuta huo hujengwa polepole mno. Ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Sehemu iliyo chini leo kwenye ncha ilianza kuota juu, pale manyoya yanapoishia, miezi 9 hadi 12 iliyopita. Kosa la wiki tano nililibeba karibu mwaka mzima.

Tangu hapo watu wengi wameniuliza swali lile lile: nimvishe viatu au nimwache pekupeku? Nitaziweka njia nne kwenye mizani moja: kumkata kwato tu, kumvisha viatu vya mbele, kumvisha vyote vinne, na kumvalisha buti wakati wa safari peke yake.

Mambo ya kupima kabla ya bei

La kwanza ni ardhi. Malisho laini ya mtaa wa Karen, Nairobi, ni kitu kimoja, barabara ya murram yenye kokoto kali ni kitu kingine, na mchanga wa pwani ni kitu cha tatu. Ukwato huota kila siku na kusagika kila siku. Kusagika kukizidi kuota, farasi anaanza kutembelea unyayo wake, na hapo anaumia.

La pili ni kazi: saa ngapi kwa wiki, mwendo gani, na mzigo kiasi gani mgongoni. La tatu ni ukwato wenyewe. Wapo farasi wenye ukuta mnene na unyayo uliobonyea kama sahani, hao hupita juu ya mawe bila kusita. Wapo wenye unyayo bapa na ukuta mwembamba unaomeguka kama biskuti. Farasi wengi wa damu ya mbio wako kundi hili la pili, na kwa hao hesabu ya mtu mwingine haitakusaidia.

La nne ni fundi: yuko umbali gani, huja kila baada ya muda gani, na kazi yake ikoje. Uingereza ina sheria ya mwaka 1975 inayotaka kila anayepigilia farasi viatu awe amesajiliwa. Kwetu fundi mzuri hujulikana kwa kazi yake, kwa hiyo mwenye farasi hana budi kuwa na jicho. Mtazame mnyama kwa upande akiwa amesimama kwenye sakafu tambarare. Mstari wa mbele wa ukwato unapaswa kufuata mteremko wa mguu ulio juu yake, usivunjike kwenda mbele wala nyuma. Kama ana viatu, vichwa vya misumari vilivyokunjwa viwe kwenye mstari mmoja, kiasi cha theluthi moja ya ukuta kutoka chini, na kiatu kifike kwenye visigino, kisiishie kabla yake. Kiatu kinapaswa kufuata ukwato. Ukiona ukwato umepigwa tupa sana mbele ili uingie kwenye kiatu kidogo, mwambie kabla hajafunga gari.

La tano ni fedha za mwaka mzima. Hapa ndipo wengi hupotea.

Hesabu ya mwaka

Kukata kwato na kupigilia viatu hufanywa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Chukua mara nane kwa mwaka. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu, za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka za fundi wako mahali pake.

Tuseme kukata kwato nne ni shilingi 3,000, kukata pamoja na viatu viwili vya mbele ni 6,000, na viatu vyote vinne ni 10,000. Kwa mwaka inakuwa 24,000, 48,000 na 80,000. Pengo linaonekana kubwa. Sasa ongeza nauli ya fundi. Kama anatoka mbali na anadai 4,000 kila safari, hiyo ni 32,000 kwa mwaka. Mwenye farasi mmoja pekupeku anayelipa nauli ya fundi peke yake atatoa 56,000. Jirani yake aliyepanga siku moja na wenzake watatu, kila mmoja akiwa na farasi mmoja, analipa nauli 8,000 tu kwa mwaka, na farasi wake aliyevaa viatu viwili anamgharimu 56,000 ile ile.

Hesabu hiyo nilipoipiga kwa mara ya kwanza niliirudia mara mbili. Siku ile ile nilianza kuwapigia simu majirani. Leo tuko watano kwenye zamu moja, na fundi mwenyewe anafurahi kwa sababu haondoki mjini kwa farasi mmoja.

Pekupeku

Gharama. Ndiyo ya chini kuliko zote ukitazama bei ya kila zamu, mradi zamu zisirukwe. Ukwato usio na kiatu haujitunzi wenyewe. Bado unataka tupa, hasa kwenye malisho laini ambako hakuna kitu cha kuusaga. Faida moja haionekani kwenye risiti: saisi, yaani mtunza farasi, aliyefundishwa vizuri anaweza kulainisha ncha zilizomeguka kwa tupa kati ya zamu mbili, na ufa mdogo usipate nafasi ya kupanda.

Ardhi na kazi. Mchanga, nyasi, uwanja wa mazoezi, na hata njia za mawe kwa farasi aliyekulia juu ya mawe. Ukwato mtupu hushika vizuri kwenye lami. Ile sehemu ngumu ya pembetatu katikati ya unyayo hugusa ardhi na kupata mazoezi, na visigino hupanuka vizuri kila anapokanyaga.

Hatari. Farasi aliyevaa viatu kwa miaka hawezi kuvuliwa Jumatatu na kupandwa Jumamosi. Unyayo wake unahitaji wiki, mara nyingi miezi, ili uwe mgumu, na katika muda huo atachagua pa kukanyaga kama mtu aliyevua viatu kwenye kokoto. Hizo ni siku ambazo hafanyi kazi. Kama unamkodisha kwa watalii, siku hizo zina bei, ziandike kwenye daftari.

Anayefaa. Farasi mchanga ambaye hajaanza kazi, mzee aliyestaafu, jike anayenyonyesha, farasi wa watoto wa kuzunguka uwanjani, na yeyote mwenye ukwato mnene na kazi ya wastani.

Viatu vya mbele tu

Gharama. Kwenye mfano wetu, mara mbili ya kukata peke yake. Ongeza ajali ya kiatu kung'oka. Fundi akirudi kwa ajili ya kiatu kimoja, nauli ni ile ile 4,000, na kukipigilia tuseme 1,500. Mara tatu kwa mwaka ni 16,500. Kwenye nyanda zetu hilo si jambo la nadra, kwa sababu ukwato huloweka wakati wa masika, hukauka jua linaporudi, na misumari hulegea katikati. Kuna njia ya kupunguza: kama chuma hakijaisha, mwombe fundi akivue, akate ukwato, kisha arudishe kiatu kile kile na misumari mipya. Wengi hutoza kidogo kuliko kiatu kipya, lakini usipouliza hutaambiwa.

Ardhi na kazi. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi aliyesimama, kwa hiyo hapo ndipo ukwato husagika na kuchubuka kwanza. Kwa murram, kwa safari za saa mbili tatu, kwa kuruka vizingiti vidogo, viatu viwili mara nyingi vinatosha.

Hatari. Kiatu kinapong'oka huondoka na kipande cha ukuta. Na kila zamu inatoboa matundu mapya, kwa kawaida sita hadi nane kwa kila kiatu. Misumari hupita kwenye ukuta usio na hisia, nje ya ule mstari mweupe unaouonyesha unyayo unapoanzia. Fundi akikosea akaingia ndani ya mstari huo, farasi anachechemea siku hiyo hiyo au siku chache baadaye, na mahali hapo hutunga usaha.

Anayefaa. Farasi wa kazi ya wastani ambaye miguu ya nyuma ni imara na ya mbele inasumbua. Anafaa pia kwa kuishi na wenzake malishoni, kwa sababu teke la nyuma lisilo na chuma huumiza kidogo kuliko lenye chuma. Nimeona mfupa wa mguu ukivunjwa kwa teke la kiatu, na sipendi kuliona tena.

Viatu vyote vinne

Gharama. Hapa ndipo penye bei kubwa ya kila zamu, na ndiko ambako kuchelewa hugharimu zaidi. Mwenye viatu hasagi chochote chini. Ukwato unaota, kiatu kinabebwa mbele pamoja nao, visigino vinabaki bila kuungwa mkono, na kano za nyuma ya mguu zinavutwa. Usivuke wiki ya nane. Wa mbio wana hesabu yao kabisa. Pale uwanja wa mbio wa Ngong farasi hukimbia na viatu vya alumini, ambayo kwa ujazo ule ule ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma. Ni vyepesi, na huisha upesi. Ukinunua farasi aliyetoka mbioni, usimwambie fundi amrudishie vile vile. Chuma cha kawaida kitadumu zaidi kwa kazi ya kutembea.

Ardhi na kazi. Polo, kuruka vizingiti vikubwa, safari za siku nyingi kwenye mawe, farasi anayefanya kazi siku tano au sita kwa wiki. Kiatu hulinda ukuta, na fundi anaweza kukitumia kurekebisha: kuongeza upana nyuma, kuinua kidogo, kuweka ngozi au plastiki kati ya chuma na unyayo mwembamba.

Hatari. Zile za viatu viwili, mara mbili. Ongeza utelezi: chuma laini juu ya lami au mwamba uliolowa ni hatari kwa farasi na kwa aliyekaa juu yake. Ongeza mateke. Kuna jambo jingine ambalo wenye farasi hatulisemi sana. Viatu vinne humfanya farasi mwenye maumivu aonekane mzima. Kiatu kikizuia unyayo kugusa jiwe, hutajua kwamba ndani kuna tatizo linalokua, mpaka siku anapokataa kutembea.

Anayefaa. Mnyama wa kazi nzito na ya mara kwa mara, mwenye fundi wa uhakika, na mwenyewe ambaye fedha zake haziyumbi katikati ya mwaka. Afadhali kubaki na viatu viwili kwa mwaka mzima kuliko kuanza na vinne Januari na kuruka zamu mwezi wa Juni.

Buti za kuvaa na kuvua

Gharama. Hizi ni buti za mpira au plastiki ngumu zinazofungwa juu ya ukwato kabla ya safari na kuvuliwa baadaye. Pesa yote hutoka mwanzoni. Kwa mfano wetu, jozi ya mbele ikiwa 25,000, mwaka wa kwanza pamoja na kukata ni 49,000, karibu sawa na viatu viwili. Mwaka wa pili, buti zikiwa bado nzima, unarudi kwenye 24,000. Kwa kuwa mara nyingi huagizwa nje, piga hesabu ya usafirishaji na ushuru kabla ya kulipa, na ulize kama kuna mtu nchini anayeuza kamba na vifungo vya akiba. Kifungo kimoja kilichokatika kimewahi kulaza buti nzuri kwenye stoo yangu miezi mitatu.

Ardhi na kazi. Farasi wa wikendi. Siku tano yuko pekupeku kwenye nyasi, Jumamosi anakwenda kilometa 15 kwenye mawe.

Hatari. Saizi. Pima urefu na upana kwa milimita siku ile ile baada ya kukatwa, kila ukwato peke yake, maana mguu wa kushoto na wa kulia mara nyingi havilingani. Buti kubwa huzunguka na kumkwaza. Ndogo huchuna ngozi ya kisigino. Tope zito huivua na kuimeza. Na buti si za kulala nazo. Unyevu na joto ndani yake huozesha unyayo.

Anayefaa. Anayeishi mbali na fundi wa viatu lakini ana mtu wa kukata, na aliye katika kipindi cha kumtoa farasi kwenye viatu. Hafai asiyekuwa na subira, kwa sababu kila safari inaanza na dakika kumi za kuinama.

Kuna pia viatu vya kubandika kwa gundi. Ni ghali kuliko vya misumari na vinataka ukwato mkavu kabisa na fundi anayevijua. Vina nafasi yake pale ukuta ulipomeguka kiasi kwamba msumari hauna pa kushika. Vichukue kama tiba ya muda.

Yanayolipiwa na wote

Njia yoyote utakayoshika, saisi asafishe kwato kila siku kwa ndoano, asubuhi na baada ya kazi. Haina gharama, na ndiyo inayoonyesha mapema jiwe lililokwama, msumari uliolegea, au harufu mbaya na weusi unaolainika katikati ya unyayo, dalili kwamba banda lina unyevu. Mlipe saisi wako vizuri. Jicho lake limeniokolea pesa nyingi kuliko ujanja wangu wote wa hesabu.

Chakula nacho kina sehemu yake. Biotini, aina ya vitamini, miligramu 20 kwa siku, husaidia baadhi ya farasi wenye ukuta dhaifu, lakini matokeo huonekana baada ya miezi mingi, kwa sababu ni ukwato mpya tu unaofaidika. Usinunue kopo moja ukaacha. Na kama kwato zina joto, farasi anaegemea nyuma na hataki kupiga hatua, hasa baada ya kula nyasi changa za mvua au nafaka nyingi, usimwite fundi kwanza. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Ukiwa katika hali hii

Farasi mmoja, ardhi laini, unapanda mara mbili kwa wiki: mwache pekupeku na uweke pesa kwenye zamu zisizorukwa. Tafuta jirani wa kugawana nauli kabla ya kutafuta fundi wa bei nafuu. Rahisi huvunja upishi, na kwato zilizokatwa vibaya huchukua miezi kurudi.

Ardhi ya mawe, kazi ya wastani, fundi anafika kila wiki ya sita au ya saba: anza na viatu vya mbele. Mtazame miezi miwili. Akisita kwa miguu ya nyuma kwenye kokoto, ndipo uongeze.

Farasi wa polo, wa mashindano au wa safari za siku nyingi: vinne, na uiandike gharama hiyo kwenye bei unayotoza. Wenye farasi wa kukodisha wengi huhesabu chakula na mshahara wakasahau chuma.

Umenunua farasi aliyetoka mbioni: mkalishe kwanza, mwache fundi aone ukuta na unyayo, halafu mkubaliane. Ukitaka kumvua, panga muda ambao hana kazi, na buti zisubiri tayari.

Unaishi mahali fundi wa viatu hafiki ila mara mbili kwa mwaka: usimvishe kabisa. Kiatu cha miezi sita ni pingu. Mlipe fundi siku nzima akufundishe wewe na saisi kushika tupa na kuona mstari wa ukwato, mkate kidogo kidogo kila wiki ya tatu, na akija tena akague kazi yenu.

Na kama mnyama wako ni punda wa mkokoteni, usiige farasi. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama wima zaidi, na hunyonya maji kwa urahisi, kwa hiyo mahali pake pa kulala pawe pakavu. Wengi hawahitaji viatu. Wanahitaji kukatwa kila wiki 6 hadi 10, na wenye punda kumi mtaa mmoja wakichanga nauli ya fundi, kila mmoja hutoa sehemu ya kumi. Siku fundi akija, leta punda mwenye kwato ndefu zaidi kwanza, asubuhi, kabla mkono wa fundi haujachoka.